Foronya ya Kompyuta

"Kisanduku chenu kimelala tena!" Danang alisema, akaiweka rimoti ya kuchezea juu ya mkeka. "Kipigieni makofi kiamke."

"Hakijalala," Wening alijibu. "Kinasubiri mtandao."

"Kinasubiri mpaka lini? Mpaka golikipa wangu aote ndevu?"

Watoto waliojazana mbele ya televisheni waliangua kicheko. Kwenye kioo, mshambuliaji wa Danang alikuwa ameganda hewani, mguu mmoja juu, na mpira umeganda karibu na kiatu chake. Wening aliutazama mpira ule akatamani umwingie binamu yake mdomoni.

"Kama hupendi usingekuja," alisema. "Nani kakuita?"

"Wening!" Sauti ya mama yake ilitoka nyuma ya rundo la mashati. Bi Lilik alikuwa akipiga pasi nguo za wateja palepale sebuleni, kama ilivyokuwa kila siku alasiri. "Unamsemesha nani hivyo? Sema Mas."

Wening alikunja uso. Yeye ndiye aliyemzidi Danang umri. Danang alipozaliwa, yeye alikuwa ameshaota meno. Lakini Danang alikuwa mtoto wa Bude Tatik, dada mkubwa wa mama yake, na kwa Wajava mtoto wa mkubwa ni mkubwa. Kwa hiyo yeye ndiye aliyepaswa kumwita Mas, yaani kaka. Lilikuwa neno fupi tu, lakini kila alipolitamka lilimkwaruza kooni kama mwiba wa samaki.

"Kama hupendi usingekuja, Maaas," alirudia, akilivuta neno mpaka likawa tusi.

Bi Lilik aliinua pasi, akamtazama, akaishusha tena. Wening alielewa kuwa hilo litakuwa na mazungumzo yake baadaye.

"Mimi nasema hivi," Danang alisema, akiwageukia wenzake. "Mashindano yafanyike kwetu. Huku tutacheza dakika moja na kusubiri tano."

Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa tangu mwanzo. Kila mwaka, Siku ya Uhuru ilipokaribia, kichochoro chao mjini Sidoarjo kilifunikwa kwa bendera nyekundu na nyeupe, na watoto walishindana kukimbia ndani ya magunia na kung'ata kerupuk, chipsi kubwa nyembamba, zilizoning'inizwa kwa kamba, mikono ikiwa nyuma. Mwaka huu vijana wa mtaa walikuwa wameongeza jambo jipya: mashindano ya mpira wa kwenye televisheni. Zawadi ilishanunuliwa. Kitu kimoja tu kilibaki: sebule ya nani?

Wening aliitaka sebule yao. Aliitaka kuliko alivyoitaka zawadi yenyewe. Angalau mara moja watu wapite mlango wa Danang waje kwao.

"Kompyuta yenu inanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga," alisema.

"Afadhali inayonguruma kuliko inayokoroma!" Danang alijibu, na kicheko kikaanza upya.

Fajri, mtoto wa nyumba ya pili, alijaribu kuwa na adabu. "Wening, usikasirike. Kisanduku chenu ni kizuri. Ila mchezo wenyewe uko mbali huko, kwenye kompyuta za watu, na kisanduku kinaleta picha tu. Mtandao ukikohoa, picha inaganda. Wa Mas Danang umo ndani ya mashine. Haungoji mtu."

"Wanaotaka kwetu wanyooshe mikono," Danang alisema.

Mikono yote ilinyooshwa. Hata Fajri alinyoosha wake, huku akitazama chini. Wening alibaki amekumbatia magoti. Kwenye televisheni picha ilizinduka, mshambuliaji akapiga mpira, na goli likaingia bila mtu kulishangilia.

Watoto walipoondoka, Wening alimgeukia mama yake.

"Kwa nini na sisi tusinunue kompyuta kama yao? Baba anafanya kazi kila siku. Wewe unafanya kazi kila siku. Wao wana nini?"

 Bi Lilik alikuwa mwanamke wa vitendo. "Nenda jikoni," alisema. "Jiko la umeme la wali limewaka?"

"Limewaka."

"Pasi hii hapa imewaka. Sasa washa pampu ya maji."

Wening aliwasha pampu. Papo hapo swichi kuu iliruka mlangoni, ta! Feni ilizima, televisheni ikazima, na taa nyekundu ya pasi ikazima.

"Umeona?" Bi Lilik alisema, akienda kuirudisha swichi. "Umeme wa nyumba hii mwisho wake ni hapo. Mashine kama ya Danang inakula umeme kama pasi yangu. Ukiiwasha, mimi nizime pasi. Nikizima pasi, tutakula nini? Magoli? Kisanduku chetu kinakula umeme kama taa ya chooni. Tena nguzo ya mtandao iko mlangoni petu, ndiyo maana baba yako akakinunua. Alipiga hesabu, hakuangalia jirani."

"Mbona wao wamenunua?"

"Wao hawapigi pasi nguo za watu. Halafu wako mwisho wa kichochoro, mtandao ukifika huko umeshachoka. Kisanduku kama chetu kwao kingekuwa pambo la kabati. Kila nyumba na hali yake, Wening. Haya, kanichotee maji."

Wening alisikia yote. Yote yalikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Kesho yake mama yake alimtuma kwa Bude Tatik kupeleka nguo zilizopigwa pasi. Danang alikuwa amekwenda kusoma Kurani msikitini. Bude alikuwa ameketi sakafuni, sindano ya kufumia mkononi na pamba nyeupe mapajani.

"Mwanangu, pita ndani! Umekula?"

"Nimekula, Bude."

"Uongo. Chukua kipande hicho cha tempe ya soya."

Katika sebule ya Bude Tatik kila kitu kilivaa. Friji lilivaa aproni. Televisheni ilivaa ushungi. Dumu la maji ya kunywa lilivaa sketi yenye marinda, na hata boksi la tishu lilikuwa na gauni lake. Vyote Bude alivifuma kwa mkono wake mwenyewe. Kitu kimoja tu kilikuwa uchi: ile kompyuta, nyeusi, imesimama kando ya televisheni, taa zake zikigeuka buluu, kijani, zambarau.

Wening aliitazama. Aliikumbuka siku ilipoletwa. Danang alimwita yeye kabla ya mtoto mwingine yeyote. "Njoo uone inavyopumua," alimwambia, akachana kipande cha tishu na kukiweka juu ya matundu ya mgongoni. Tishu ikapepea kama bendera. "Inavuta hewa baridi kwa mbele, joto linatokea nyuma na juu. Ukiiziba, inajizima yenyewe isiungue." Alisema kwa fahari kana kwamba yeye ndiye aliyeivumbua. Wening alicheka naye siku ile. Aliporudi nyumbani alikitazama kisanduku chao, kidogo kama mche wa sabuni, akakiona kibaya.

"Hebu niambie," Bude alisema, akinyanyua kazi yake. Ilikuwa kama foronya kubwa, imefumwa maua maua, mbele wazi. "Siku ya Uhuru sebule itajaa watu. Waone chuma kitupu kama gereji? Danang anasema nisiifunike. Nimemwambia kufuma kuna matundu, hewa inapita. Kakubali. Wewe unaonaje?"

Ingetosha Wening aseme Danang yuko sahihi. Alilijua jibu hilo kama jina lake. Lakini aliona mikono ile yote iliyonyooshwa jana, na ulimi wake ukaenda upande mwingine.

"Imependeza sana, Bude. Ila..."

"Ila nini? Sema, usiogope."

"Vumbi. Malori yanapita hapo barabarani kutwa. Matundu ya kufuma vumbi litapita. Ungeshonea satini kwa ndani, juu na nyuma tu. Kwa nje haitaonekana."

Bude Tatik alipiga paja. Duniani hapakuwa na kitu alichokichukia kama vumbi. "Mtoto ana akili huyu! Danang wangu hawezi kufikiria hivi hata umpe mwaka. Mama yako kapata msichana."

Sifa zile zilikuwa tamu, na Wening alizimeza pamoja na tempe.

Siku chache zilipita, na habari zikaanza kutembea kichochoroni. Kompyuta ya Danang ilikuwa inazima. Mtu anakaribia kufunga goli, kioo kinakuwa cheusi. Inakaa kidogo, inawaka, inazima tena. Wening alipozisikia habari hizo mara ya kwanza, moyo wake uliruka kwa furaha. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa Bude akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Ndani, Pakde Wiyono, baba yake Danang, alikuwa anafoka.

"Nilikwambia usicheze kutwa! Umeikamua mpaka imeugua!"

"Sichezi kutwa, Baba. Nimecheza mechi moja tu."

"Mechi moja na mashine inawaka moto namna hii? Unanidanganya mchana kweupe?"

"Kweli, Baba!"

"Nyamaza!"

Halafu sauti ya Danang akilia. Wening hakuwahi kumsikia Danang akilia tangu walipokuwa wadogo. Alisimama na kuondoka haraka, kamba ya kiatu ikiburuta chini.

Jioni ile Danang alimfuata. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wao, macho mekundu, akichora mchangani kwa kidole.

"Wening, wewe unadhani ni nini? Feni zinazunguka, nazisikia. Kitambaa cha mama kina matundu, nimeangalia. Nikitaka kukitoa, mama anasema nisimwangushie chombo chake cha maua kilicho juu."

Huu ulikuwa mlango wa pili kufunguliwa mbele ya Wening. Angeupita, mambo yangeisha palepale kizingitini.

"Labda ni mbovu tu," alisema. "Si ilikuwa ya mtumba?"

"Ilikuwa ya mtumba," Danang alikubali kwa sauti ndogo. "Baba anasema ataiuza. Karmin wa duka la kompyuta za kukodisha atakuja kuichukua siku ya mashindano, asubuhi. Baba kasema bora apate cha kupata kabla haijafa kabisa." Alifuta machozi kwa mkono. "Waambie wenzetu mashindano ni kwenu. Mama yako akikubali."

Kwa hiyo Wening alipata alichokitaka. Usiku alilala akijiambia kuwa ana furaha, na ilimbidi ajiambie mara nyingi.

Asubuhi ya Siku ya Uhuru, Bi Lilik alichomoa pasi na kuisimamisha pembeni. "Leo pasi inapumzika," alitangaza. "Leo tu, msinizoeshe." Alikunjua mikeka, akawaagiza watoto wote wazime waifai za simu zao ili kisanduku kipate nafasi, akaenda jikoni kuchemsha chai. Sebule ilijaa. Viatu vilitapakaa mlangoni mpaka njiani. Fajri alikuwa anapanga nani acheze na nani.

"Wening leo ni mwenyeji," mmoja alisema. "Mpeni heshima yake!"

"Mwenyeji, chai iko wapi?"

"Mwenyeji, sogeza feni huku, Fajri ananuka!"

Wote walicheka, na Wening alicheka pia, lakini macho yake yalikuwa mlangoni. Danang alitokea akiwa ameshika rimoti yake.

"Ninyi mnayo moja tu," alisema, akimpa. "Hii inafanya kazi na kisanduku pia, nimeshaijaribu."

"Huchezi?"

"Karmin ameshafika. Nataka kuiaga." Alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. Aligeuka akaondoka, na Wening alibaki na rimoti mkononi, bado ina joto la viganja vyake.

Hajatulia, akaingia Bude Tatik. Alibeba sahani ya ndizi za kukaanga, na juu ya ndizi, ndani ya kifuko cha plastiki, kulikuwa na kitu cheupe.

"Mwenyeji wetu! Nimekuletea zawadi." Alikitoa. Ilikuwa foronya ndogo sana, imefumwa maua maua, inatosha kitu kama mche wa sabuni. "Ya kisanduku chenu. Nimeweka satini ndani, juu na nyuma, kama ulivyonielekeza. Ile mashine inaondoka, basi. Lakini mimi sijasahau aliyenipa akili nzuri." Alimshika shavu. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Danang wangu ana bahati kuwa na dada kama wewe."

Akaenda zake, ndala zake zikipiga chap, chap.

Wening aliigeuza foronya ile. Satini ya ndani ilikuwa laini, imeshonwa kwa mshono mdogo mdogo, mshono wa mtu asiyeharakisha kwa sababu anampenda atakayepewa. Alimwona Bude amekaa sakafuni akikaza macho kutunga uzi.

"Wening, unaanza wewe na mimi!" Fajri aliita.

Wening alimwekea Fajri rimoti mapajani. "Shika."

"Unakwenda wapi? Mechi inaanza!"

Alikuwa ameshatoka, foronya ndogo bado mkononi. Hakuvaa viatu. Alikimbia chini ya bendera nyekundu na nyeupe, akaruka magunia ya mashindano, akapenya katikati ya kerupuk zilizokuwa zinafungwa kwenye kamba, moja ikampiga usoni, mzee aliyekuwa anazifunga akamfokea. Hakusimama.

Kwenye mlango wa Bude ilikuwepo pikipiki ya Karmin. Kompyuta ilikuwa juu ya kiti cha nyuma, bado imevaa foronya yake, na Pakde Wiyono alikuwa anavuta kamba ya mpira kuifunga. Danang alisimama kando, amegeuza uso.

"Pakde, usiifunge!"

"Toka hapo, mtoto, kamba itakurukia."

"Si mbovu! Pakde, si mbovu!" Wening alikuwa anahema. "Haipumui. Kuna satini ndani, juu na nyuma. Hewa haitoki."

Danang aligeuka. Pakde aliachia kamba. Bude, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na sahani yake tupu, alisimama nyuma ya Wening.

"Satini ipi?" Danang aliuliza.

"Satini yangu," Bude alisema taratibu. "Ya kuzuia vumbi. Wening ndiye..." Hakumaliza.

Wening alihisi masikio yake yanawaka. Bado angeweza kusema kwamba hakujua. Wangemwamini, alikuwa mtoto mwenye akili, kila mtu alisema hivyo.

"Mimi ndiye niliyesema aiweke," alisema. "Na nilijua. Danang aliwahi kunionyesha matundu, akaniambia ikizibwa inazima. Nilijua, nikasema aiweke. Na juzi Danang aliniuliza, nikamwambia ni mbovu."

Karmin, mtu mnene mwenye kofia ya pikipiki kichwani, alifunua foronya, akapapasa satini, akapiga mluzi. "Jamani! Wamemvika blanketi mtu mwenye homa. Hata mimi ningezima."

Waliirudisha ndani ikiwa haina nguo. Danang aliiwasha, akachana tishu, akaiweka kwenye matundu ya nyuma. Tishu ilipepea. Walingoja. Mchezo ulifunguka, timu zikaingia uwanjani, mechi ikaanza na kuendelea. Karmin aliweka kiganja juu ya mashine.

"Nzima," alisema. "Nimepoteza safari, lakini ni nzima. Nipeni ndizi basi."

Pakde Wiyono alimtazama mwanawe. Halafu alifanya jambo ambalo Wening hakuwahi kumwona akilifanya: alimwekea mkono kichwani. "Ulisema kweli," alisema. "Baba alikosea kukufokea." Alipomgeukia Wening, uso wake ulibadilika, lakini Bude alimtangulia.

"Kwa hiyo ulikuwa unanicheka?" Bude aliuliza. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Nimekaa hapa nashona, nakusifu mpaka kwa majirani. Wewe huko ulikuwa unanicheka?"

"Sikukucheka, Bude!" Machozi yalimtoka Wening. "Niliona wivu. Danang ana kila kitu. Ana mashine, wenzetu wote wanamtaka yeye, halafu mimi mkubwa ndiye ninayemwita kaka. Nilitaka waje kwetu mara moja tu. Nisamehe, Bude. Nisamehe, Pakde."

"Na mimi je?" Danang aliuliza. "Mimi ndiye niliyefokewa."

Kabla Wening hajamjibu, Bi Lilik aliingia, kijiko cha chai bado mkononi. Fajri alikuwa amemwambia Wening alikokimbilia, na maungamo yake aliyasikia akiwa mlangoni. Aliitazama foronya iliyotupwa sakafuni, akaiokota, akaigeuza ndani nje.

"Wivu unampata kila mtu," alisema. "Unakuja kama mafua, hauulizi. Hata mimi niliwahi kumwonea wivu dada yangu huyu kwa ajili ya sebule yake, na sikufa. Kosa si kuupata, Wening. Kosa ni kuulisha. Wewe umeulisha, ukaushonea na nguo. Na aliyeumia nani? Mtoto aliyekuita wewe kwanza aje kuiona mashine yake, na mwanamke aliyekufumia zawadi."

Wening aliinamisha kichwa.

"Nilikwambia kwa nini kwetu kuna kisanduku na kwao kuna kompyuta. Hiki kinataka mtandao, ile inataka umeme na hewa. Kila kimoja ni kizuri kikiwa katika nyumba inayokiweza, na ukikilazimisha kwenye nyumba nyingine ni takataka tu. Ungezima mashine ya Danang mara mia, swichi yetu ingeruka vilevile. Wivu hauongezi umeme." Alimgeukia dada yake. "Na wewe dada, mtoto wako alikwambia usiifunike. Siku nyingine msikilize anayejua, hata kama sebule ni yako."

"Haya," Bude alisema. "Chombo cha maua nitakiweka kwenye friji."

"Sasa," Bi Lilik alisema, "mashindano yanarudi hapa. Wote walinyoosha mikono, nilikuwepo. Wening, kawaite wenzako. Uwaambie wewe mwenyewe kwa nini wanahama. Ukirudi utakaa chini na kuifumua satini ya foronya zote mbili, uzi mmoja mmoja, bila kuharibu ua hata moja. Wao watacheza, wewe utafumua."

Wening alikwenda. Kurudi kichochoroni kulikuwa kurefu kuliko kwenda. Alisimama mbele ya sebule yao iliyojaa, sebule aliyoitamani ijae, akawaeleza wote alichokifanya, bila kuruka kitu. Fajri alisema "Lo!" tu. Kisha walivaa viatu na kumpita mmoja mmoja.

Alipofika kwa Bude, mechi ya kwanza ilikuwa imeshaanza. Alikaa ukutani, akachukua mkasi mdogo, akaanza kufumua. Mishono ilikuwa midogo sana, ikimlazimu kukaza macho kama Bude alivyokaza yake. Kelele za magoli zilipanda na kushuka. Hakuna aliyemtania, na hilo nalo liliuma.

Baada ya muda Bude alikuja kuketi kando yake. Alimnyang'anya mkasi, akamwonyesha namna ya kuinua uzi bila kuukata, akamrudishia.

"Ile ndogo usiiache hapa," alisema. "Ni yako. Ila isikae kwenye kisanduku. Kaivishe chupa yenu ya sukari."

"Ndiyo, Bude. Asante."

Mbele ya televisheni, Danang alikuwa ameshinda mechi yake. Aligeuka, rimoti mbili mikononi. Hakutabasamu, lakini alinyoosha moja kuelekea ukutani.

"Ukimaliza kufumua," alisema, "zamu yako ni mechi ya mwisho. Nitakufunga mpaka ulie tena."

Wening aliutoa uzi wa mwisho, akakunja satini vizuri, akamkabidhi Bude.

"Nakuja, Mas," alisema, na mara hii neno lilipita kooni bila kukwaruza. Akainuka kwenda kucheza.